Nani Alisema Kutembea mu Pori ni Mambo ya Bazungu?

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapofika, tunasikia maneno yale yale. Jua ni kali, moshi wa pori ungali hewani, mvua haijanyesha hata tone, lakini miombo na mitondo haikuingoja: inatoa majani mapya, mekundu kama mukuba uliotoka sasa hivi mu moto, kisha polepole yanageuka kijani. Huo ndio wakati bana-Kolwezi wenye gari wanashuka ku ziwa la Nzilo siku ya Mungu, na kesi ya Simba na nyama ya mbuzi ya michopo. Na huo ndio wakati wakubwa fulani, kati yao walimu wenzetu, wanatikisa kichwa: « Wikendi, pikiniki, kutembea bure mu pori, yote ile ni mambo ya Bazungu. Bankambo yetu hawakujua mambo ile. Walijua paka kazi. »

Sisi tunakataa. Tunakataa kwanza kwa sababu si kweli, na tena kwa sababu uongo huu una faida kwa wengine. Mtu akikubali kwamba matembezi hayakuwa yake tangu zamani, hatauliza swali lolote siku atakapokuta bariyeri mu njia aliyopita nkambo wake.

Tuanze na majina ya siku. Mswahili wa Mombasa au wa Unguja anahesabu Jumatatu, Jumanne. Sisi huku tunasema kazi moja, kazi mbili, mpaka kazi tano, kisha siku ya posho, kisha siku ya Mungu. Vijana wanatamka « posho » bila kufikiri kwamba ni kile chakula ambacho kompani ilikuwa inagawia wafanyakazi wake. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na alama yake imebaki mu juma letu lote: siku tano za bwana, moja ya mufuko wa unga, moja ya padri. Mwenye kusikiliza majina hayo peke yake ataamini kweli kwamba kupumzika tulifundishwa na sirene ya kompani.

Lakini kabla ya juma kulikuwa na mwaka. Basanga na Bayeke walikuwa wakiyeyusha mukuba wa inchi hii zamani sana, kabla ya Mzungu wa kwanza kuonekana. Padri Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita walaji wa mukuba. Msomaji anayependa desturi aangalie jinsi kazi ile ilivyopangwa. Mtama ukisha kuvunwa, kiangazi kikianza, ndipo watu walipanda ku kilima, wakajenga kambi. Wengine walichimba, wengine walichagua na kuosha mawe ya kijani. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivuba ilikuwa ya ngozi, makala ilichomwa pale pale, na mukuba ukamiminwa mu umbo la msalaba. Basi, mvua zikikaribia, kazi iliachwa. Hakuna aliyebaki ku kilima. Mukuba ulikuwa na musimu wake, na musimu ukaisha.

Hatusemi kwamba bankambo walikuwa malaika. Mvua ilijaza mashimo maji, tanuru ya udongo ililowana na kuanguka, na mashamba nayo yaliita. Lakini matokeo ni haya: wakati majani yanapokuwa mekundu, watu wa inchi ya mukuba walikuwa wanauacha mukuba. Leo mashine zinachimba mchana na usiku, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, na sisi wajukuu wao tunaambiwa kwamba desturi yetu ni kazi tupu!

Na mu pori walifanya nini? Walikula. Tuseme wazi, kwa sababu elimu yetu imetutia haya. Mpundu zinaanguka kabla ya mvua, na harufu yake unaisikia mbele ya kuuona mti. Kisha mvua ya kwanza inapiga, na jioni ile ile inswa wanatoka mu vichuguu kwa maelfu; watoto wanakimbia na mabeseni ya maji na taa, wengine wanakula mabawa na yote. Kisha bowa za kwanza, ambazo mama mmoja anazijua na mwingine anaziogopa, kwa hiyo haiwezekani kwenda bila mwenye kujua. Kisha masuku, na masuku matamu ni yale yaliyoanguka yenyewe, si yale ambayo kijana ametikisa mti kwa nguvu. Mu kibuyu iko munkoyo. Watu wanatoka alfajiri, wanarudi jua limezama, na mara nyingine wanalala huko huko. Je, hii ni kazi ao ni starehe? Swali lenyewe ni la mtu aliyekaa ofisini. Mama anayejaza kitunga chake huku anacheka na mashemeji zake hawezi kukujibu, na hatakuomba ruhusa. (Ni kweli pia kwamba ku ziwa leo ni mama yule yule anayebeba sufuria na kusonga bukari, baba akilala chini ya mti. Hapo tunawakubalia wakosoaji wetu: desturi hii tunaweza kuibadilisha.)

Professa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi ku Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya pori letu, uyoga, wadudu, matunda, vyote. Kitabu kizima! Nasi tunaona haya kutaja inswa mbele ya mugeni.

Sherehe nazo hatukuzikopa. Ku Bunkeya, kila tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili, Bayeke wanakusanyika kwa kumbukumbu ya M'siri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Wanakuja kutoka mbali, wanacheza nje, juani, na wanakula nje. Mtoto wa Bunkeya ile ile, Mwenda Jean Bosco, ndiye ambaye Hugh Tracey alimkuta ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akarekodi gitaa yake, na dunia nzima ikajifunza vidole vyake. Gitaa ile haikuzaliwa mu sale ya viti vya ngozi. Ilizaliwa kwa watu wanaokaa nje.

Sasa Nzilo yenyewe. Ziwa tunalolipenda si la Mungu moja kwa moja. Ni Lualaba iliyofungwa na barrage ya miaka ya 1950, iliyoitwa Delcommune kabla ya kubatizwa upya wakati wa Zaire, na ilijengwa kwa sababu migodi ilitaka umeme. Yaani hata mahali petu pa kupumzikia pametengenezwa na mukuba. Hatulalamiki juu ya hilo. Watu waliyachukua maji yale, wakayafanya yao, mpaka Mamba Muntu akahamia humo, na wazazi wakapata neno la kuwazuia watoto kuogelea mbali. Inchi inakuwa ya watu namna hiyo, kwa kukaa humo, kula humo, kuogopa humo.

Kwa hiyo tukirudi kwa wale wanaotikisa kichwa, tunawaambia: mumekosea adui. Munapigana na chupa ya Simba na baffle inayopiga kelele ku ziwa. Hata sisi kelele inatuchosha. Lakini chupa haikuondoa watu mu pori. Watu wameondolewa na bariyeri.

Muulizeni mukaaji yeyote wa Musonoi, wa Kapata ao wa Luilu. Kule ambako wazazi walikwenda kwa miguu siku ya Mungu kisha misa, leo ni konsesyo. Unakuta waya, unakuta zamu, na zamu anakuuliza unatafuta nini. Utajibu nini? « Natafuta masuku »? Atacheka, ao atafikiri unatafuta heterogenite. Hivyo ndivyo tulivyofika: mtu mwenye kitunga mu pori lake anadhaniwa kuwa mwizi. Ku Kasulo ilikwenda mbio zaidi. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya viwanja vya watu, wakachimba mu lupango, chini ya miembe, chini ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ikazungushwa ukuta. Kutoka bustani mpaka shimo, kutoka shimo mpaka ukuta, ilikuwa miaka mitatu tu.

Na vilima vya mukuba, vile visivyoota miti mikubwa, tunaviona vitupu. Si vitupu. Mu udongo ule mna maua ambayo hayapatikani pengine popote duniani, na mna lile ua dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, ambalo watafutaji wa madini walilifuata kama mbwa anayefuata harufu, maana penye ua pana mukuba. Ua limewaonyesha njia, nao wakabomoa kilima pamoja na ua. Sisi walimu tunawapa wanafunzi mtihani juu ya mimea ya Ulaya iliyo mu kitabu, wakati kilima kinachoweza kuwa darasa kinapakiwa mu lori.

Tutajibiwa: mashimo ni hatari. Ndiyo, ni hatari. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019 watu zaidi ya 40, wachimbaji wa mikono, walizikwa mu KOV. Shimo lifungwe, hatubishi hata kidogo. Lakini ufuko wa ziwa si shimo. Msitu wa mitondo si shimo.

Tutajibiwa tena: nyinyi wenyewe munakata miti. Hapo ndipo panatuuma, kwa sababu ni kweli. Pori lililosalia nje ya konsesyo linaishia mu mifuko ya makala, na makala ni sisi tunaonunua. Muji ulio karibu na barrage ya Nzilo unapika bukari yake kwa makala, kwa sababu umeme unapita juu ya vichwa vyetu ukienda ku migodi. Mwenye kukata mti ana kosa lake, lakini waya ule unapita juu yake pia.

Na pesa iko. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inataka kila kompani itoe 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali, na 15 % ya redevansi inaenda moja kwa moja ku kominine ao ku sheferi ambamo madini yanatoka. Mu mikutano tunaomba shule, tunaomba visima, tunaomba soko, na ni vema tuombe. Hatujasikia bado mtu mmoja akiomba hekta mia za miombo zisizokatwa wala kuchimbwa, na kipande cha ufuko wa Nzilo ambapo mama wa Manika anaweza kufika na watoto wake sita bila kulipa kiingilio. Kuomba hivyo kunaonekana mchezo. Wanaoona mchezo ndio wale wale wanaosema kutembea ni mambo ya Bazungu.

Basi chama chetu kiombe, kwa barua, kwa meya na kwa masultani wa inchi, na nakala kwa makompani. Shule zinafundisha siku ya posho asubuhi. Saa sita watoto wako huru, na darasa zima linaweza kutoka. Wakubwa wakitaka kujua ni miti gani tunayoisemea, waje nasi. Mpaka katikati ya mwezi wa kumi itakuwa ingali myekundu.