Mpiga Picha, Tengeneza Ulimi Kabla ya Kamera



Msimu wa harusi ukiingia hapa kwetu Mombasa, kila nyumba ina mpiga picha wake. Wengine wamekodiwa kwa pesa nyingi, wengine ni vijana wetu wa sekondari na chuo wenye simu nzuri. Kamera zimekuwa bora kila mwaka, lakini adabu ya kumwambia mtu asimame vipi bado ni haba. Rai yangu ni hii: chombo cha kwanza cha mpiga picha ni ulimi, kamera ni ya pili. Anayemvunjia mtu heshima ili apate picha nzuri, hiyo picha nzuri hataipata.

Najua wapo wanaojiepusha na picha kabisa, na masheikh wana kauli zao. Hiyo si mada ya leo. Leo nasema na sisi tunaopiga na tunaopigwa.

Sikilizeni maneno yanayosemwa. "Mama, vuta tumbo ndani!" "Wewe mnene, nenda nyuma." "Nyanya, funga mdomo, meno hayo!" Tena mbele za watu! Anayesema huenda hana nia mbaya, anaharakisha kazi tu. Lakini aliyeambiwa amesikia, na waliokaa karibu wamesikia, na wengine wamecheka. Picha itatoka na uso uliojikunja, na huenda mama yule asikubali kupigwa tena maisha yake yote. Ni familia ngapi zina shangazi ambaye albamu nzima hayumo? Siku akiondoka duniani, wajukuu watatafuta sura yake wasipate ila ile ya kitambulisho. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa mimi.

Jambo lile lile lingeweza kusemwa vingine. Kanuni yake ni nyepesi: taja unalotaka, usitaje kasoro. Badala ya "vuta tumbo", sema, "Mama, geuza bega kidogo huku dirishani, uzito weka mguu wa nyuma." Mwili ukikaa upande kidogo huonekana mwembamba kuliko ukiikabili kamera moja kwa moja. Badala ya kutaja kidevu cha mtu, sema, "Mzee, leta uso mbele kidogo, sasa uinamishe kidogo tu." Ngozi ya shingo itanyooka yenyewe. Mwenye miwani inayomeremeta, mwambie aangalie chini kidogo, au wewe ndiye usogee. Hakuna aliyeaibika hapo.

Nyingi ya kasoro hizo, kusema kweli, si za mtu bali ni za mpigaji. Simu ikisogezwa karibu mno na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Rudi hatua mbili tatu, kisha vuta kwa lenzi. Katika picha ya watu wengi, wanaokaa pembeni kabisa hutanuliwa na lenzi pana, kwa hiyo usimpeleke mwenye mwili mkubwa ukingoni halafu umlaumu kwa umbo lake. Buibui jeusi mbele ya ukuta mweusi humezwa lote, ukabaki uso peke yake. Tafuta ukuta wa rangi nyepesi na mwanga wa ubavuni. Kanzu nyeupe nayo huidanganya kamera, uso ukawa giza. Kwenye simu, gusa pale penye uso kabla ya kupiga.

Kanuni ya pili: onyesha kwa mwili wako mwenyewe, usimsukume mtu kwa mikono. Simama mbele yake ufanye vile unavyotaka afanye, naye atakuiga kama aliye mbele ya kioo. Kumshika kidevu mwanamke asiye maharimu wako, au kumvuta mtandio ati umkae vizuri, hakuna haja hata moja. Sema, "Dada, mtandio upande wa kulia," kisha ngoja autengeneze mwenyewe. Wazee wakalishe kwanza mahali penye raha, kisha vijana ndio wawafuate, si mzee apangwe na kupanguliwa kama kiti.

Kuna wa kujifunza kwake. Seydou Keïta alikuwa seremala mjini Bamako, nchini Mali. Mwaka 1935 ami yake alimpa kamera ndogo ya Kodak, na mwaka 1948 akafungua studio. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kawaida wa mji ule wa Waislamu. Aliwakalisha upande kidogo, akitumia mwanga wa mchana, na asiye na saa, kalamu au redio ya kupigia picha aliipata palepale studio. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga mara moja tu. Ilimbidi amtulize mtu na kumweka sawa kabla hajabonyeza. Alifariki mwaka 2001, na picha zake zinaoneshwa duniani kote. Tazama nyuso zile: watu wametulia, wana hadhi.

Wapiga picha wataniambia, "Ndugu, harusini hakuna nafasi ya maneno matamu, watu ni mia mbili na magari yanangoja." Naelewa. Lakini "geuza bega huku" haichukui muda zaidi ya "ficha tumbo". Kinachokula muda ni kurudia picha mara tano kwa sababu mtu ameshanuna.

Wengine watauliza, je, kumpanga mtu apendeze si udanganyifu? Sioni hivyo. Hata mgeni akija nyumbani tunafagia na kutandika, na nyumba ni ile ile. Mtu aliyegeuza bega ni yeye yule katika hali yake nzuri. Udanganyifu ni zile programu za simu zinazong'arisha ngozi na kuchonga pua bila ya mtu kuombwa ruhusa. Kumng'arisha binti yako rangi ni kumwambia kimyakimya kwamba alivyoumbwa hatoshi. Kumpanga vizuri ni kumwambia kinyume chake.

Mwisho, kabla ya kutuma picha kwenye kikundi cha familia, mwoneshe mwenyewe. Akisema futa, futa. Picha za ukumbi wa akina mama zibaki kwa wenyewe.

Wazazi, mnapokodi mpiga picha msiulize bei na aina ya kamera tu, ulizeni pia anavyosema na watu. Na nyinyi wanafunzi, wiki hii mkalisheni nyanya karibu na dirisha, mzungumzeni naye kwa upole, mpige picha moja nzuri, kisha muichapishe mumpe mkononi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.