Mbuyu ukianguka, popo hupoteza nyumba na mlo

MNAMO Novemba 2022, Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu mibuyu mikongwe iliyokuwa iking'olewa katika Kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia. Mjadala uliozuka ulihusu vibali, malipo ya wenye mashamba na heshima ya miti hiyo mbele ya wenyeji. Aliyesahauliwa ni mpangaji wa ndani ya shina: popo.

Katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki, popo mwenye pua iliyo na umbo la moyo hushinda mchana mapangoni na katika mibuyu yenye uwazi ndani. Usiku hutulia kwenye tawi la chini, akatega masikio yake makubwa hadi asikie mbawakawa au tandu akitambaa ardhini, kisha akamshukia. Mnyama wa aina hii anahitaji mti wa kulala, kichaka cha kuvizia na ardhi yenye wadudu. Kimoja kikiondolewa, viwili vilivyosalia havimfai sana.

Hali ni tofauti katika Mlima Suswa, ndani ya Bonde la Ufa. Mapango ya lava ya huko ni makao ya popo mkubwa ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya pekee mwaka 2015. Mabawa yake marefu na membamba humpa kasi, lakini hayamruhusu kupenya baina ya matawi. Kwa hivyo huwinda katika anga iliyo wazi, na chakula chake kikuu ni nondo.

Popo wa misitu iliyosongamana nao wana mabawa mafupi na mapana. Baadhi yao hutoa sauti ya kiwango kimoja ambayo mwangwi wake huwawezesha kutambua mpapatiko wa mdudu hata akiwa katikati ya majani. Kwa ufupi, umbo na sauti ya popo vimefinyangwa na mahali anapowinda, na mahali hapo ndipo panapoamua atakula nini.

Je, popo hawezi kujizoesha mazingira mapya? Wengine huweza. Utafiti uliofanywa kandokando ya msitu wa Ranomafana, Madagaska, na kuchapishwa mwaka 2018, ulichunguza chembe za urithi katika vinyesi vya popo. Ilibainika kwamba baadhi ya spishi zilikuwa zikila wadudu waharibifu wa mpunga. Isitoshe, popo walionekana kuwinda zaidi juu ya mashamba kuliko ndani ya msitu.

Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa kibali cha kufyeka misitu. Wanaonufaika na mashamba ni hasa popo wa anga wazi. Wale wa msituni hawana mabawa ya kuwafuata huko.

Kwa mkulima wa Kenya, suala hili si la kinadharia. Tangu mwaka 2017 mahindi yamekuwa yakishambuliwa na viwavijeshi vamizi, ambao nondo wao huruka usiku, saa zilezile popo wanapowinda. Wadudu wanapozidi, wengi hukimbilia dawa, ambazo hugharimu fedha na kuua hata wadudu wasio na hatia.

Basi wanaotoa vibali vya kung'oa miti au kuchimba mawe mapangoni wanapaswa kujiuliza zaidi ya bei ya shina na ya tani ya mawe. Popo akifukuzwa, kazi aliyokuwa akiifanya bure usiku itabidi mtu mwingine ailipie mchana.