Kuketi na Anayejifunza Kiingereza

Wapo miongoni mwenu wanaojiandaa kwenda Seoul, Korea Kusini, kwa Siku ya Vijana Duniani iliyopangwa kufanyika Agosti 2027. Yamkini wenyeji watawaomba mketi nao wafanye mazoezi ya kuzungumza Kiingereza. Msikatae kwa kudhani kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba viza ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa wanaofundisha Kiingereza, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na ya Afrika ni moja, Afrika Kusini. Lakini hilo ni suala la ajira, nami nasema juu ya maongezi ya bure.

Kikorea, kama Kiswahili chetu, hakina vineno mfano wa “a” na “the”. Aliyezaliwa London huvitumia pasipo kufikiri. Ninyi mlivipata kwa jasho (wengine kwa fimbo!), hivyo mnajua mwenzenu anajikwaa wapi.

Ulizeni swali fupi, kisha nyamazeni, ingawa kimya hutuelemea sisi tuliozoea soga za barazani. Msimmalizie sentensi, wala msisahihishe kila kosa. Halafu mwombeni naye awafundishe kusalimu kwa Kikorea.