Je, Ajali Haina Kinga?

Ajali haina kinga: ndivyo wasemavyo watu kila wapatapo habari za msafiri aliyefukiwa na theluji katika milima ya Alpi. Nami nakuambia, msomaji, kwamba methali hii, ikitumiwa mahali hapo, humpa mzembe udhuru na kumsingizia mlima kosa lisilo lake.

Sikatai kwamba wako wafao bila ya hatia. Januari 1951 maporomoko ya theluji yaliwaua watu wa mji wa Andermatt, Uswisi, nao walikuwa kwao. Mimi nasema juu ya yule apandaye kwa hiari yake.

Theluji hulala mlimani tabaka juu ya tabaka. Upepo huikusanya upande mmoja ikawa bamba, na pengine chini ya bamba hilo pana tabaka dhaifu la chembe zisizoshikana. Mtu akilikanyaga kwenye mteremko uzidio digrii 30, tabaka la chini huvunjika, na bamba zima huporomoka naye. Kati ya wapandaji wauawao hivyo, karibu 9 katika kila 10 poromoko lao lilianzishwa na wao wenyewe au na wenzao. Basi aliyeua ni nani? Mlima, au mguu?

Atasema mtu, "Ya mlimani hayajulikani." Si kweli. Huko Davos, wataalamu wameichunguza theluji tangu miaka ya 1930, na siku hizi kila jioni ya majira ya baridi hutangaza hatari kwa daraja 5. Ajabu ni kwamba wengi zaidi hufa katika daraja ya 3 kuliko katika ya 4 na ya 5. Siku za daraja hizo za juu ni chache, na hofu huwaweka watu nyumbani. Bali hatari ya kadiri huwadanganya.

Mwingine atasema, "Nimeona nyayo za waliotangulia." Nyayo zaonyesha kwamba wao walipita, hazionyeshi kwamba wewe utapita.

Tena, afukiwaye hafi peke yake katika hesabu ya hatari. Baada ya dakika 10 hivi matumaini yake hupungua upesi, na waendao kumfukua hukanyaga theluji ile ile iliyomwangusha.

Kwa hiyo, kijana, usimwite mwoga yule asomaye tangazo, akautazama mteremko, kisha akageuka nyuma. Wazee wetu walikwisha kulikata shauri hili: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.