Mbunge Hazibui Kalavati

Masika ya mwaka juzi nilikwenda kumsalimia shangazi yangu katika kijiji kimoja cha Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, nikakuta gari la m-mama, la kubeba wajawazito kwa dharura, limesimama ng'ambo ya korongo. Dereva alikuwa ameitwa kupitia namba 115, akaiacha lami, akaja mbio mpaka mahali ambapo kalavati lilikuwa limeziba na maji yamelila tuta. Hakuweza kusogea tena. Mjamzito alivushwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, wanaume wanne wakisukuma magurudumu, mama yake akienda pembeni amemshika mkono. Alijifungua salama usiku ule. Kilichonikaa moyoni ni maneno ya wanaume wale wanne walipokuwa wakinawa matope: "Hapa mpaka tupate mkubwa."

Nimeyasikia maneno hayo Ngulyati, nimeyasikia Nkololo, nimeyasikia ndani ya mchomoko wa kwenda Lamadi tukiwa tumebanana watu tisa. Kijiji chenye mtoto wake serikalini hupata barabara, kisicho naye kitazama. Mkutano wa kijiji ni porojo chini ya mkwaju. Halmashauri ya kijiji haina fedha, haina greda, haina lolote, basi kazi ya mwanakijiji ni kuchagua mheshimiwa mwenye sauti huko juu, kisha angoje.

Imani hii ni ya uongo. Naiandika hivyo bila kuipunguza makali, kwa sababu kila masika naona inavyotugharimu.

Najua ilikotoka. Mtoto anayekulia vijijini Simiyu hulijua greda kama kitu kinachotangulia wageni. Mwenge wa Uhuru ukikaribia, barabara huchongwa. Waziri akija kuzindua zahanati, mashimo hufukiwa jana yake. Wageni wakiondoka, greda nalo huondoka. Mtu aliyeyaona haya miaka ishirini atakosaje kuamini kwamba barabara husafiri na mkubwa? Kwa hiyo tunaandika mabango, tunayainua kwenye mkutano wa hadhara, mgeni anasoma mojawapo, anamwita mtaalamu mbele ya watu, makofi yanapigwa, tunarudi nyumbani tumeridhika. Bango halina tarehe wala kumbukumbu, na halimfungi mtu.

Wakubwa tumewahi kuwa nao. Andrew Chenge, mbunge wetu kwa miaka mingi, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na baadaye Waziri wa Miundombinu. John Cheyo, mwenyekiti wa chama cha UDP na mbunge wa Bariadi Mashariki, aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Siwataji ili niwalaumu. Nawataja kwa sababu kama barabara ya kitongoji ingekuwa inaletwa na ukubwa wa mtu, basi vitongoji vya Bariadi vingekuwa vimemaliza shida hii zamani. Mwaka 2012 tukapewa na mkoa wetu wenyewe, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yakawa hapa hapa mjini Bariadi. Wakubwa wakaongezeka kwa siku moja: mkuu wa mkoa, katibu tawala, mameneja wa kila idara. Korongo la shangazi yangu halikutambua tofauti.

Mtu ataniambia: mbona lami imefika? Ni kweli, na naishukuru. Leo unatoka Mwigumbi, unapita Maswa, unafika Bariadi, unateremka hadi Lamadi kwenye barabara ya Mwanza na Musoma bila kula vumbi. Kipande cha Maswa hadi Bariadi peke yake ni karibu kilomita 50. Lakini hiyo ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, hupangwa kitaifa kwa miaka mingi, na haikujengwa kwa ajili ya kijiji chochote kimoja. Pamba haiotei kando ya lami. Inatoka ndani, kilomita kumi, kilomita ishirini, kwenye njia ambazo lori la kuchukua mzigo wa AMCOS likikwama, hulala hapo mpaka jua litoke.

Njia hizo za ndani zina utaratibu mwingine kabisa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Zamani zilikuwa mikononi mwa mhandisi wa halmashauri. Tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Fedha zake nyingi hutoka kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Kwa miaka mingi TANROADS ilipata asilimia 70 ya mfuko huo na barabara za wilaya asilimia 30, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuzisaidia hizi ndogo. Kijana wa bodaboda anayejaza lita moja pale Bariadi mjini ameshailipia barabara ya kwao.

Sasa, fedha hizo hugawanywa kwa orodha. Njia isiyoandikishwa kwenye mtandao wa barabara za wilaya haipo, hata kama bibi yako aliipita akiwa bibi harusi. Iliyoandikishwa lakini haikuombewa matengenezo husubiri nyuma ya iliyoombewa. Na maombi yanatakiwa yapande kutoka chini: kitongoji, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo baraza la madiwani, ambako meneja wa TARURA wa wilaya huulizwa maswali. Mbunge naye huingia katika baraza hilo, na ana kura moja kama diwani mwingine. Hata Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2009, ni wa kuchochea kazi ambayo wananchi wameshaianza. Mbunge mwenye nia njema kuliko wote, akifika barazani bila muhtasari wa kijiji mkononi, anabishana kwa maneno matupu na kata nyingine zilizoleta karatasi.

Kisha kuna kalenda, na hapa ndipo tunapojiumiza zaidi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Halmashauri hupitisha mipango yake mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla. Sisi tunapiga kelele Aprili, maji yakiwa kiunoni, wakati hesabu za mwaka ujao zimeshafungwa na za mwaka huu zimekwisha. Miezi ya kusema ni Oktoba na Novemba, korongo likiwa kavu, kila mtu akihangaikia shamba la pamba. Mkutano ukiitishwa wakati huo hawatimii hata watu ishirini. Wenzetu walioketi Novemba wakipata kifusi mwaka unaofuata, tunasema wana mtu wao.

Siku tatu baada ya mkasa wa mkokoteni, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Watu walijaa kwa sababu ya hasira. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika cheo chochote, alisimama akauliza kalavati liliziba lini.

"Mayu, huu ni mwaka wa pili," mwenyekiti akajibu.

"Tulimwambia nani?"

Wakataja: mbunge alipopita, kiongozi wa wilaya alipokuja kukagua madarasa, wagombea wote wa udiwani. Shangazi akawasikiliza mpaka mwisho.

"Na kwenye daftari letu tuliandikaje?"

Mtendaji akafungua daftari la mihutasari, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa. Mikutano mitano. Palikuwa na wizi wa mifugo na sungusungu, choo cha shule, mgogoro wa malisho, mchango wa maabara. Barabara haikuwamo hata mstari mmoja. Miaka miwili kijiji kizima kimemlilia kila mgeni, na hakijawahi kujiambia chenyewe kwa maandishi kwamba barabara imekatika. Nimehudhuria mikutano mingi maishani. Sijawahi kusikia kimya kama cha siku ile.

Tuongee habari za udongo pia, maana mkubwa hana amri juu yake. Wasukuma waliupa udongo majina kabla ya mhandisi yeyote kufika: luseni, mchanga wa miinukoni, itogolo, ule mgumu wa katikati, na mbuga, mweusi wa bondeni, ambao kiangazi hupasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, na masika huvimba na kuteleza kama sabuni. Barabara ya mbuga huuawa na maji yaliyokosa pa kwenda. Ukilichonga tuta kila mwaka bila kuweka changarawe na bila mitaro, unalishusha chini ya mashamba, na mvua ya kwanza inaligeuza mto. Kwa hiyo greda la mgeni mashuhuri, lile tunaloshangilia, mara nyingine ndilo linalomalizia kuiua barabara. Kinachoiponya ni mtaro uliozibuliwa Oktoba, mdomo wa kalavati ulioondolewa matawi na magunia, na maji kufunguliwa njia kuelekea majaruba ya mpunga au lambo. Hiyo ni kazi ya jembe na sepetu. Katika wilaya kadhaa TARURA huwapa vikundi vya wanakijiji kazi ya kufyeka na kuzibua mitaro kwa malipo, na kikundi kinachojulikana kwenye kijiji chake ndicho chenye pa kuanzia kuomba. Huko Kigoma wamejenga madaraja ya upinde kwa mawe ya pale pale, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Mawe Simiyu tunayo mpaka tunayakwepa tukilima.

Hoja kubwa ya wapinzani wangu ni hii, na nina heshima nayo: tumeshalipa. Tozo ya mafuta tumelipa, ushuru wa pamba wa asilimia 3 unakatwa na kwenda halmashauri, kisha nishike jembe tena? Nakubali kwamba kujenga daraja, kumwaga changarawe na kuweka kalavati jipya ni wajibu wa serikali, wala asitokee mtu kuutupa wajibu huo mgongoni kwa wanakijiji kwa jina la kujitegemea. Lakini aliyelipa ndiye anayestahili kudai, na dai la kijiji lina mahali pake pa kisheria. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kuwa chombo kikuu cha maamuzi ya kijiji. Unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Kumwachia mbunge dai lako ni kulitoa mahali linapohesabiwa na kulipeleka mahali linapopigiwa makofi.

Kuna hoja ya pili, na hii inaniuma. Watu waliacha mikutano kwa sababu waliibiwa. Walichanga, hawakusomewa mapato na matumizi. Wakiuliza, waliambiwa wana siasa. Mimi mwenyewe nimewahi kuchangia mifuko ya saruji ya kivuko ambacho hakikuonekana mpaka leo. Mwenyekiti na mtendaji wanaoficha hesabu wameibomoa barabara kabla ya mvua, na sitawatetea. Ila angalieni imani ya mkubwa inavyowafaa watu hao. Kijiji kinachotazama juu hakimtazami aliye mbele yake ameshika daftari. Tangu uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tuna wenyeviti wengi wapya. Ni miezi mingapi imepita bila hesabu kusomwa, na nani amesimama akaziomba?

Kinachonishangaza ni kwamba sisi, watu wa nchi hii ya Usukuma, ndio tunaosema mkutano hauna nguvu. Dagashida ilikuwa mkutano wa watu wote, na ilichokiamua juu ya ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na mipaka kiliheshimiwa hata na mwenye ng'ombe mia tano. Vijana walikuwa na nsumba ntale wao, kiongozi aliyewapanga kwenda kulima kwa zamu bila kungoja bwana shauri. Na mwaka 1958 watu wa Geita walikwenda hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya ambalo mkoloni alikuwa amelipanga kwa mseto wa rangi bila ridhaa yao. Waliona kwamba nani aketi barazani ni jambo linalostahili kukabiliana na serikali. Wajukuu zao wanaitwa mkutanoni kwa baiskeli yenye kipaza sauti na hawaji.

Nguvu ya kijiji si ndogo. Mkulima wa pamba anajua kwamba masalia ya shambani yanatakiwa yang'olewe na kuchomwa ifikapo Septemba 15, na anajua mtendaji atapita kukagua. Kijiji kinachoweza kusimamia hilo kinaweza kutunga sheria ndogo, ikaidhinishwa na halmashauri, inayomkataza mtu kulima mpaka kwenye mtaro, kuswaga ng'ombe juu ya tuta lililolowa, au kuchota mchanga mdomoni mwa kalavati. Ugumu wake nauelewa. Anayelima mtaro ni shemeji wa mwenyekiti, na ng'ombe wale ni wa mzee anayetukopesha fedha za ada. Kumlilia mbunge hakumuudhi jirani. Ninaamini hiyo ndiyo sababu ya ndani kabisa ya imani hii kudumu: inatupa mtu wa mbali wa kulaumu, na mtaro unaendelea kulimwa.

Mkutano ule ulimalizika jua likizama. Waliandika kipengele cha barabara, wakapima kwa hatua urefu wa tuta lililoliwa, wakachagua watu watatu wa kupeleka muhtasari kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mvua zilipokatika kalavati lilizibuliwa kwa asubuhi mbili. Walitoa magogo, magunia na mzoga wa mbuzi. Tuta bado linasubiri TARURA, na shangazi amenipigia simu wiki hii kunieleza kwamba mkutano wa Oktoba umesogezwa mara mbili. Ameshakwenda nyumbani kwa mtendaji kuuliza tarehe. Amesema kesho atakwenda tena, na safari hii hatakwenda peke yake: mama wa yule binti aliyevushwa kwa mkokoteni ameomba wafuatane.