NESI APIMWE KABLA YA KUPEWA KAZI, SI BAADA YA AJALI



Kila maradhi makubwa yanapoingia, watu huuliza kama manesi wetu wanaijua kazi. Swali hilo ni haki ya mgonjwa, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kulikataa. Lakini sisi tunaongeza la pili: nesi anapimwa lini, anapimwa na nani, na kwa kazi gani?

Watu wa reli wanalielewa jambo hili. Dereva hata akiwa na miaka 20 kazini, hapewi gari kwenye njia asiyoijua. Kwanza hupanda pamoja na mwenzake anayeijua, ajifunze milima, kona na signali zake, ndipo hupimwa na mtu mwenye kuijua kazi ya udereva. Hiyo si dharau. Ni usalama wa abiria na wa dereva mwenyewe.

Sasa tazameni hospitali. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, manesi wa wodi za kawaida walipelekwa kuuguza wagonjwa mahututi, penye oksijeni na mashine za kupumulia. Nesi aliyezalisha akina mama miaka mingi ni hodari, na bado pengine mashine ile hajaigusa. Cheti cha Baraza la Wauguzi chasema alisoma akafaulu. Hakisemi kama anaijua wodi aliyoingizwa jana usiku.

Wala si kila mtihani unapima kazi. Novemba 2021 Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya manesi 300 waliotahiniwa ili waende Uingereza, 10 tu walifaulu. Ulikuwa mtihani wa Kiingereza. Haukuuliza nani anaweza kuzuia damu ya mzazi.

Fikirini kisiwa kidogo kama Takawiri, huko Homa Bay. Nesi wa kisiwani ndiye mkunga, ndiye mfunga vidonda, ndiye mgawa dawa. Mgonjwa akizidiwa usiku, kati yake na hospitali ya Mbita kuna maji, na ziwa likichafuka mashua haiendi. Nesi kama huyo akiondolewa ili kuziba pengo la mjini, mapengo yanakuwa mawili: kisiwa hakina mtu, na wodi imepata mtu asiyefundishwa kazi yake mpya.

Upungufu huo haukuletwa na manesi. Waligoma karibu miezi 5 mwaka 2017 wakitaka mkataba wao utiwe sahihi. Desemba 2020, katikati ya Korona, wakagoma tena wakidai vifaa vya kujikinga, bima na watu zaidi wa kazi.

Wako wanaosema kwamba wakati wa hatari hakuna nafasi ya kupima. Ni kweli hakuna nafasi ya darasa la wiki nyingi. Lakini iko nafasi ya kumwuliza nesi anajua nini, anaweza nini akisimamiwa, na nini asiguse. Kwa hiyo tunadai:

1. Nesi apimwe kwa kazi ile atakayopewa, na nesi mkubwa anayeifanya, si na karani kwa karatasi.

2. Asiyejua afundishwe, akae chini ya mwenzake mpaka aaminike.

3. Akisema, "Kazi hii sijafundishwa," neno lake liandikwe, naye asiadhibiwe. Anayeogopa kusema ndiye wa hatari.

4. Idadi ya wagonjwa iandikwe pamoja na matokeo. Aliyeachiwa wagonjwa 40 peke yake asihukumiwe sawa na mwenye 8.

Nesi akikosa kwa uzembe, chama kisimfiche. Lakini akiwekwa peke yake kwenye kazi asiyoijua, aulizwe kwanza aliyempanga. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa serikali za kaunti, basi maswali haya yapelekwe huko.

Nanyi ndugu, mkimpeleka mtoto hospitali mkakuta foleni ndefu, msimtukane nesi. Ulizeni wako wangapi zamu hiyo, kisha mlilete jibu kwenye mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.

Mhariri