Ukiokoka, bili asilipe mama yako

Wadau wa Ngara na Biharamulo, hii inawahusu. Na wa Dar msicheke, hamjapona.

Siku hizi kijana akitangaza kwamba ameokoka na sasa "amezama kwa Mungu", kinachofuata kinajulikana. Washikaji wanapigwa bloku. Msiba wa ukoo haendi, eti kuna pombe ya ndizi na mila za wazee. Bibi anaitwa mchawi. Ada ya mdogo wake inageuka sadaka. Halafu anaposti: "Wokovu una gharama."

Kweli unayo. Swali ni moja tu: nani analipa?

Ngara wana mfano wao wenyewe. Christopher Mwoleka alikuwa askofu Mkatoliki wa Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Enzi za Ujamaa, askofu mzima alienda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga, akashika jembe kama wao. Kwake Utatu Mtakatifu haukuwa fumbo la kukariri, ulikuwa namna ya kuishi: kushirikishana maisha. Aliyepunguziwa raha hapo ni yeye, siyo ndugu zake. Na imani ilipozidi, alisogea karibu na watu. Hakuwakimbia.

Hata Walokole wa zamani, wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka hadi Kagera, walijulikana kwa kutubu hadharani na kurudisha walichoiba. Walilaumiwa sana kwa kujitenga na kujiona bora, hilo halifichiki. Lakini aliyerudishiwa mali yake aliuona wokovu kwa macho.

Sasa tusidanganyane, zipo gharama ambazo familia lazima izihisi. Mtu akiacha kuuza pombe, kipato nyumbani kinayumba. Akikataa kuongeza mke wa pili, wazee watanuna. Hayo ni ya dhamiri yake, aheshimiwe.

Ila kukataa glasi siyo kukataa ndugu. Msibani kuna maji ya kuchota, kuni za kupasua, kaburi la kuchimba. Hakuna andiko linalomzuia mlokole kushika sepetu.

Anayetaka kumlipa Mungu atoe cha kwake: usingizi wake, kiburi chake, starehe zake. Ada ya dogo irudi shuleni. Na bibi apigiwe simu leo, aombwe radhi.

Au nyie wadau mnaonaje?